Tupeane uzoefu: kufunga monita mbili kwa faili la mipangilio kwenye Linux

Mgosi wa Ngamiani (mleta mada)

Wagosi na wadau wote, habari za kutwa.

Nina steshenari hapa Ngamiani, kazi kubwa ni kadi za harusi, vipeperushi na kujaza fomu. Kompyuta ya mezani nimeifungia monita mbili. Ile pana ya 1920x1080 ndiyo ninayofanyia kazi, na ya zamani ya mraba, 1280x1024, nimeigeuzia kaunta ili mteja asome kadi yake akiwa amesimama palepale. Juzi mama mmoja aliona jina la baba wa bibi harusi limepungukiwa herufi, na karatasi ilikuwa bado haijaingia kwenye printa. Kwangu monita ya pili ni kitendea kazi, si pambo.

Kilichokuwa kinanitesa ni umeme. Ukikatika ukarudi, mashine ikiwaka monita zinabadilishana nafasi, au zote mbili zinaonyesha kitu kilekile, na kijana wa zamu ya asubuhi hajui aanzie wapi. Ukipanga kwa kubofya, mpangilio unabaki kwa mtumiaji mmoja tu. Akiingia mwingine, kazi inaanza upya. Ndipo nilipohamia kwenye faili. Natumia Debian (aina mojawapo ya Linux) yenye Xorg, ile programu inayopeleka picha kwenye monita, na faili lipo /etc/X11/xorg.conf.d/10-monita.conf:

```
Section "Monitor"
    Identifier "DP-1"
    Option "Primary" "true"
    Option "Position" "0 0"
EndSection

Section "Monitor"
    Identifier "VGA-1"
    Option "Position" "1920 56"
EndSection
```

Hiyo 1920 ni upana wa monita ya kwanza, kwa hiyo ya pili inaanzia pale ya kwanza inapoishia. 56 ni tofauti ya kimo, 1080 kutoa 1024, ili sehemu za chini zilingane na mshale wa kipanya uvuke bila kukwama pembeni. Faili linasomwa kabla hata ukurasa wa kuingilia haujatokea, kwa hiyo kila mtumiaji anaanzia kwenye mpangilio uleule.

Nani mwingine Tanga hii amepita njia hii? Mwageni uzoefu, hasa vile vilivyowasumbua.

Fundi Makorora

Mkuu, umegusa penyewe. Nakazia jambo moja kwa wanaotaka kunakili faili lako kama lilivyo: hayo majina DP-1 na VGA-1 ni ya mashine yako. Tundu lilelile la VGA linaitwa VGA1 ukiwa na draiva (programu inayoendesha kadi ya picha) ya zamani ya intel, na VGA-1 ukiwa na draiva mpya zaidi ya modesetting. Kwa HDMI, kadi ya NVIDIA yenye draiva yake inaweza kukupa HDMI-0, na amdgpu, draiva ya kadi za AMD, ikakupa HDMI-A-0. Ukikosea kistari kimoja tu, Xorg hailalamiki. Inalipita hilo fungu (Section) na kuendelea na ya kwake, wewe unabaki unashangaa.

Kuna ofisi moja niliitwa, monita zao zilikuwa zimekaa vizuri miaka na miaka, wakapandisha toleo la mfumo, mpangilio ukapotea. Faili lilikuwepo, halijaguswa na mtu. Debian 9 iliyotoka 2017 ilihamishia mashine nyingi za Intel kwenye modesetting, na majina yakabadilika. Kazi yote pale ilikuwa kuongeza vistari.

Kwa hiyo anza na terminali, dirisha la kuandikia amri, andika xrandr, amri inayoorodhesha matundu ya monita, soma majina kwenye mistari yenye neno connected. Kisha jaribu kwa amri kabla ya kuandika chochote:

xrandr --output VGA-1 --auto --right-of DP-1

Ikikaa sawa, ndipo uandike faili. Isipokaa, hujaharibu kitu, ukizima na kuwasha inarudi ilivyokuwa.

Dada wa Raskazone

Mimi nafanya hesabu za watu nyumbani, karibu na bahari, na huku upepo wa chumvi hauna huruma na vyuma. Monita yangu ya pili ilikuwa inakubali 1024x768 tu, maandishi ya majedwali manene na yenye ukungu. Niliandika faili, nikaandika tena, wapi.

Kaka yangu akachomoa waya wa VGA tukautazama kwenye mwanga wa dirisha. Kichwa chake kina pini 15 katika safu tatu, na mbili kati yake, ya 12 na ya 15, ndizo zinazopeleka taarifa za monita kwa kompyuta: inaitwaje, inakubali vipimo gani. Taarifa hizo zinaitwa EDID. Ya 12 ilikuwa imeliwa na kutu. Picha inapita kama kawaida, ila kompyuta haijui inaongea na monita gani, basi inachagua kipimo kidogo ili isikosee.

Waya mpya ndiyo dawa. Lakini siku ile maduka yalikuwa yamefungwa na nilikuwa na hesabu za kukabidhi, tukaipita kwa faili. Amri ya cvt 1280 1024 inakupa mstari mzima wa Modeline, yaani maelezo ya kipimo unachotaka, unaubandika ndani ya fungu la Monitor. Nasi bado ikatukatalia! Kwenye /var/log/Xorg.0.log tukakuta imeandikwa hsync out of range, yaani kasi ya kuchora mistari ya picha imevuka mipaka. Bila EDID, Xorg inajiwekea mipaka midogo, na kipimo hicho kinahitaji takriban kHz 63.7. Tukaongeza HorizSync na VertRefresh (mipaka ya kasi ya mistari na ya kuchora picha nzima) kwa viwango vya kwenye kijitabu cha monita yenyewe, ikafunguka safi. Tafadhalini msibuni viwango hivyo, hasa kwa monita za zamani za kioo kizito. Someni kijitabu.

Mwalimu wa Pongwe

Nimefuatilia kwa makini. Mimi nimeweka faili, nikawasha upya, kukawa giza tupu kote kuwili. Nifanyeje? Na mitihani ya wanafunzi iko humo.

Fundi Makorora

Shikamoo mwalimu. Mitihani yako ipo salama, kilichokwama ni picha tu. Bonyeza Ctrl+Alt+F3, utapata ukurasa mweusi wa maandishi. Ingia kwa jina lako na nywila, halafu:

sudo mv /etc/X11/xorg.conf.d/10-monita.conf /root/

sudo reboot

Ikiwaka, tuletee majina uliyoyaona kwenye xrandr pamoja na mistari yenye (EE), yaani ya makosa, kwenye logi ya /var/log/Xorg.0.log.

Kijana wa Chumbageni

Kwa wenye Ubuntu: andikeni kwanza echo $XDG_SESSION_TYPE. Likija jibu wayland, yaani mfumo mpya unaochukua nafasi ya Xorg, faili kama hilo la Xorg halitawasaidia kitu. Tangu 21.04 Ubuntu inaingia Wayland yenyewe kwenye mashine nyingi. Hapo GNOME, yaani meza ya kazi ya Ubuntu, inaweka mpangilio kwenye ~/.config/monitors.xml.

Na wenye Xfce, meza ya kazi nyingine iliyo nyepesi, kama mliwahi kubofya mkapanga, kuna displays.xml ndani ya ~/.config/xfce4/xfconf/xfce-perchannel-xml/. Ukurasa wa kuingilia unakuwa sawa, ukishaingia tu mambo yanapinduka, kwa sababu Xfce inarudisha kumbukumbu yake ya zamani. Toka, libadilishe jina faili hilo ukiwa kwenye ukurasa wa maandishi, uingie tena.

Mgosi wa Ngamiani

Chumbageni, hilo la Xfce ni kweli kabisa. Kwenye akaunti ya kijana wangu ndilo lililokuwa linapangua kila kitu. Dada wa Raskazone, nami leo jioni nazikagua pini zangu.

Mwalimu wa Pongwe

Marahaba fundi. Imewaka. Kwangu xrandr inasema HDMI-1 na VGA-1, DP-1 haipo kabisa. Nimebadilisha jina, nimerudisha faili, zote mbili zinaonekana na mshale unavuka. Nimebakiwa na moja: hii ya VGA ningependa kuisimamisha wima, niwe naona ukurasa mzima wa mtihani.

Fundi Makorora

Mwalimu, kwenye fungu la VGA-1 ongeza mstari huu:

Option "Rotate" "left"

Picha ikitokea kichwa chini, weka "right". Na 56 iondoe, andika "1920 0", kwa sababu monita ikisimama wima kimo kinabadilika.