Mjadala: Je, mpiga picha wa harusi aendelee kulipia programu ya kuhariri picha kila mwezi?

Kamera ya Tanga (mleta mada)
Ndugu wadau, naomba tujadili jambo linalotuumiza wengi katika kazi hii. Mwaka 2013 kampuni ya Marekani ya Adobe ilitangaza kwamba Photoshop, programu yake ya kuhariri picha, haitatolewa tena katika toleo jipya la kununua mara moja, na Lightroom, programu yake nyingine ya kupanga na kuhariri picha, ikafuata, toleo la 6 la mwaka 2015 likiwa la mwisho la kununuliwa hivyo; tangu hapo tumekuwa wapangaji wa zana zetu wenyewe. Machi 2025 Kwaresima na Ramadhani zilikwenda pamoja, kumbi za harusi zikakaa kimya, lakini malipo ya kila mwezi hayajui msimu. Januari ya mwaka huohuo kifurushi cha Photoshop na Lightroom cha dola 9.99 kwa mwezi kilifungwa kwa wateja wapya, na waliokuwa wakikilipia mwezi kwa mwezi wakapandishiwa hadi dola 14.99. Je, tuhamie darktable na GIMP, ambazo hazidai malipo, au tuvumilie? Mimi naona wakati wa kuhama umefika, hasa kwa kuwa wengi wanaozitetea programu za kulipia hawalipi chochote, wanatumia kreki, yaani nakala zilizovunjwa ulinzi ili zitumike bila malipo. Nawasilisha.

Studio ya Stendi
Mkuu mleta mada, nimekusoma kwa heshima mpaka nilipofika kwenye maneno yako ya mwisho kuhusu kreki, ambayo yamenichoma. Kijana aliyefungua kibanda cha picha za pasipoti karibu na stendi hana kadi ya kulipia mtandaoni, na hata hiyo dola 14.99 ya wateja wa zamani ni karibu shilingi 40,000 za Tanzania kila mwezi, kabla hajalipa pango, umeme na karatasi za kuchapia. Ukimwita mwizi hujamsaidia, na wala hujajibu swali ulilolileta mwenyewe.

Dada Mhariri, Mombasa
Kaka wa Stendi, hakuna aliyekutaja kwa jina, lakini kwa kuwa umejitokeza, acha nikujibu. Mimi nalipia programu, nalipia na kodi yake, halafu mteja ananiletea bei ya albamu aliyopewa na studio isiyolipa hata senti, akitaka nishuke hadi hapo. Kreki haimuumizi tajiri wa Marekani, inaniumiza mimi niliye mtaa mmoja na mtumiaji wake. Tena nimeona kompyuta zilizobeba virusi pamoja na hiyo kreki, na picha za harusi za watu zikapotea kabla hazijakabidhiwa.

Mzee wa Negativu
Wanangu, punguzeni hasira. Sisi tulinunua mashine ya kusafishia picha mara moja, na aliyetuuzia hakurudi kudai chochote. Ninavyosikia, ukiacha kulipia hizi programu za leo, picha zako zote hufutwa. Kama ni kweli, huo ni unyang'anyi, na sioni sababu ya kumlaumu kijana anayeukwepa.

Fundi Rangi
Shikamoo Mzee. Picha hazifutwi. Ukiacha kulipia Lightroom Classic, programu huendelea kufunguka, katalogi, yaani orodha ya picha zako, unaiona, na nakala za picha unaweza kuzitoa. Kinachofungwa ni sehemu ya kuhariri, yaani Develop, pamoja na ramani. Hapo ndipo maumivu yanapoanza. Bibi harusi akirudi baada ya mwaka akiomba uso wa mama yake, ambao taa za ukumbi ziliugeuza zambarau, urudishiwe rangi yake ya kahawia, picha utaiona na utaitoa jinsi ulivyoiacha, lakini hutaweza kuurekebisha uso huo peke yake kwa makini. Kwa anayehama, darktable husoma sehemu ya kazi hiyo kutoka kwenye faili za XMP, ambazo huhifadhi marekebisho uliyoifanyia picha, kama vile ukataji wa picha na kiasi cha mwangaza, ila yale uliyopaka kwa brashi hayahami. Picha muhimu zitoe kwanza katika TIFF, aina ya faili inayotunza ubora wa picha, kabla hujasitisha malipo.

Studio ya Stendi
Ahsante kwa maelezo, lakini Dada Mhariri bado ananidai majibu. Juni 2024 serikali ya Marekani yenyewe iliishtaki Adobe kwa madai kwamba ilificha faini ya kuvunja mkataba wa mwaka unaolipwa kwa miezi. Mbona huyo hamumwiti mwizi?

Dada Mhariri, Mombasa
Kampuni ilikana madai hayo, na hata kama ingekuwa na hatia, hatia yake haikupi wewe haki ya kuniharibia soko. Nakubaliana nawe kwa jambo moja tu: mtu asome kama anajifunga kwa mwezi au kwa mwaka kabla ya kuweka namba ya kadi.

Kamera ya Tanga (mleta mada)
Naomba turudi kwenye mada. Kuna aliyejaribu Affinity, programu nyingine ya kuhariri picha? Ilikuwa ya kununua mara moja, kampuni ya usanifu wa mtandaoni ya Canva ikainunua kampuni iliyoitengeneza mwaka 2024, na Oktoba 2025 ikatolewa bure.

Fundi Rangi
Ni nzuri, ila inadai akaunti ya Canva, na aliyekupa bure anaweza kubadili masharti. Darktable na GIMP zina leseni huria, yaani yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuzisambaza. Matoleo yaliyokwisha kutolewa hakuna awezaye kuyafungia.

Studio ya Stendi
Basi nijibuni hili bila matusi: kompyuta yangu ina RAM ya GB 4. Je, darktable itafanya kazi?

Fundi Rangi
Itakuwa nzito, na kwa picha za pasipoti huihitaji. Weka GIMP. Utakata picha, utabadilisha mandhari kuwa ya bluu, na utapanga nakala nane kwenye karatasi moja. Ukikwama kwenye vipimo vya kuchapia, andika hapahapa aina ya printa yako.

Dada Mhariri, Mombasa
Na ukishaiweka, ifute hiyo kreki.