Naomba ushauri: asidi ya palmitiki inaua seli kabla hazijahifadhi mafuta

Ndugu wataalamu, ninafanya utafiti wa uzamili kuhusu namna asidi za mafuta za chakula zinavyobadilisha uhifadhi wa mafuta katika seli changa za 3T3-L1, zilizotokana na kiinitete cha panya, ambazo ninazikomaza kuwa seli za mafuta kwa vichocheo vitatu: insulini, deksamethasoni na IBMX. Kwa asidi ya oleiki, iliyo nyingi katika mafuta ya zeituni, sina malalamiko: matone ya mafuta ndani ya seli hujaa na kushika vizuri Oil Red O, rangi nyekundu inayoonyesha mafuta. Tatizo ni asidi ya palmitiki, ile ya mawese. Kwa kipimo kilekile cha mikromola 400, seli nyingi hung'oka na kufa, nami siwezi kujua kama mafuta yamepungua kwa sababu hayakuhifadhiwa au kwa sababu seli zenyewe hazipo tena. Huiyeyusha katika ethanoli yenye joto, kisha huichanganya na albumini isiyo na mafuta, yaani protini inayobeba asidi za mafuta, ingawa nakiri kwamba mara nyingine huganda ikipoa. Je, nipunguze kipimo au niongeze albumini? Kuongeza oleiki kidogo hupunguza sumu ya palmitiki, lakini nahofia kuvuruga swali lenyewe la utafiti. Aidha, ili kufidia tofauti ya idadi ya seli, kiasi cha rangi nikigawanye kwa DNA au kwa protini?