Vyuo vya Dar mnatunyonya walimu wa muda: nafundisha sheria ya kazi, mkataba wangu sina

Wakuu, nimenyamaza mihula mitatu. Leo nasema.

Nafundisha kwa saa kwenye chuo kimoja hapa Ilala, jina nalihifadhi. Darasa langu ni la cheti cha sheria, la jioni, saa 11:30 hadi 2:30 usiku, siku nne kwa wiki. Wengi wao wanataka kuja kuwa wasaidizi wa kisheria kwenye kata zao. Makubaliano yalikuwa shilingi 15,000 kwa saa, na mkuu wa idara aliyasema kwa mdomo tukiwa tumesimama kwenye ngazi. Nikaomba maandishi. "Mwalimu, wewe anza vipindi, utumishi watakuandalia." Hadi leo Julai hawajaandaa.

Pesa ya Machi sijalipwa. Ya Aprili sijalipwa, ya Mei hivyo hivyo. Kila mwezi unajaza fomu ya madai, anasaini kiongozi wa darasa, anasaini mkuu wa idara, inakwenda taaluma, ndipo ifike kwa mhasibu. Ya Machi ilirudishwa eti kiongozi wa darasa kasaini juu ya mstari mwingine. Nikajaza upya. Ya Aprili wakasema hawajaiona kabisa, nami niliikabidhi kwa mkono wangu. Wiki ya tatu nikaikuta mezani kwa mhasibu, chini ya chupa ya chai, ina duara la kahawia limekaa juu ya saini yangu. Ilikuwa pale pale siku zote hizo! Nikaambiwa, "Mwalimu, si umeiona? Njoo wiki ijayo."

Mwezi Juni wakabadilisha wimbo: hakuna malipo mpaka nipeleke matokeo. Nikasahihisha karatasi 63 kwa siku tano, nikirudi na mwendokasi wa Kimara nimesimama njia nzima na bahasha kifuani. Matokeo nikapeleka. Simu ya mhasibu sasa inaita tu.

Kuna jambo linaniuma kuliko hizo hela. Jioni moja nilikuwa nafundisha kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kwamba mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi taarifa za kazi yake kwa maandishi: kazi gani, wapi, saa ngapi, malipo kiasi gani. Nikawaambia pia kwamba mwajiri akishindwa kuonyesha hayo maandishi kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa unamwangukia yeye. Mama mmoja, ana duka la vitambaa Kariakoo na anakuja darasani na uchovu wake wote, akanyoosha mkono: "Mwalimu, tuletee mkataba wako kesho tuusome kama mfano." Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Nilishindwa kumjibu. Nikafuta ubao, nikasema tuendelee na kifungu kinachofuata. Nilijisikia nimewadanganya watu 63.

Na hawa watu wanalipa ada. Wanachopata ni nini? Fomu za mazoezi natoa fotokopi mwenyewe stesheneri: fomu ya kupeleka mgogoro wa kazi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mfano wa hati ya madai, mfano wa wito. Niliomba chuo kiwapeleke siku moja tu Kituo Jumuishi cha Temeke, mahakama ya mambo ya familia, waone mashauri ya mirathi na ndoa yanavyokwenda. Jibu likawa hakuna bajeti ya usafiri. Temeke hiyo! Kutoka Ilala!

Mtu asiseme ni cheti tu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inamtambua msaidizi wa kisheria. Hasimami mahakamani kama wakili, lakini ndiye wa kwanza kukutana na mama aliyefukuzwa kwenye nyumba ya marehemu mumewe. Akimwelekeza vibaya, yule mama ndiye anayeumia. Mwanafunzi wangu mmoja alimtuma jirani yake moja kwa moja mahakamani kudai talaka. Akarudishwa, kwa sababu hakupitia kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa kama Sheria ya Ndoa ya 1971 inavyotaka, na hakuwa na sababu ya kusamehewa hatua hiyo. Nauli imekwenda, siku ya biashara imekwenda. Hayo yanafundishwa kwa mazoezi, na mazoezi yanataka mwalimu ambaye akili yake haiko kwenye kodi ya nyumba.

Najua kuna watakaosema mwalimu wa muda si mwajiriwa. Someni kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004. Ukimfanyia mtu kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu, sheria inakuchukulia kuwa mfanyakazi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mimi saa 12 kwa wiki, wiki nne ni 48. Ratiba ina saini ya chuo, na daftari la mahudhurio nimelipiga picha ukurasa kwa ukurasa.

Kosa langu ni uvumilivu. Madai kama haya yanapelekwa Tume ndani ya siku 60, na "njoo wiki ijayo" zimeshanila siku za Machi na Aprili. Kwa hizo itabidi niombe kuongezewa muda na nieleze sababu. Ya Mei bado iko ndani, na Jumatatu asubuhi naipeleka.

Aliyewahi kupeleka chuo Tume akiwa analipwa kwa saa, naomba anisaidie: walikubali ratiba na picha za mahudhurio peke yake, au ulilazimika kuleta mashahidi? Sitaki kuwaita wanafunzi wangu kabla hawajapewa vyeti vyao.