Kundi la ukoo: ile dripu nyeupe ya njiti (mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati)

Asha: Shikamooni. Mtoto wa dada kawekewa sirinji ya kitu cheupe mshipani. Maziwa hayo?

Shangazi (nesi, wodi ya njiti): Marahaba. Si maziwa, mwanangu. Ni mafuta, mara nyingi ya soya, yaliyosagwa vitone vidogo mno ndani ya maji. Kiini cha yai ndicho kinachozuia visiungane. Maziwa hupita kwenye mpira wa tumboni tu. Yakiingia mshipani yanaweza kuua.

Asha: Mbona pampu inasoma 0.5 tu?

Baba Mdogo (famasi): Uzito wake?

Asha: Kilo 1.2.

Baba Mdogo: Basi ni sawa. Mafuta ya asilimia 20 yana gramu 0.2 kila mililita. Gramu 2 kwa kilo ni gramu 2.4 kwa siku, yaani mililita 12 kwa saa 24, ndiyo hiyo 0.5 kila saa. Huanza gramu 1 au 2 kwa kilo, hupanda taratibu, zisizidi 4.

Shangazi: Hapo nukta ndiyo ya kuogopa. Ikibonyezwa 5, mafuta ya siku nzima yanaisha kwa saa mbili na nusu! Au pampu yake ibadilishane na ile ya glukosi, inayokwenda kasi zaidi. Ndiyo maana manesi wawili wanasoma pamoja, na sirinji inajazwa ya siku moja tu.

Asha: Wameifunika yote, mpaka mrija.

Baba Mdogo: Safi sana! Mwanga unaharibu mafuta, hasa ile taa ya buluu ya kutibu ugonjwa wa manjano. Wengi hufunika sirinji wakasahau mrija. Kwa kasi hiyo, mrija wa mililita 1 unayashika mafuta saa mbili nzima.

Shangazi: Chujio lake lina vitundu vya mikroni 1.2 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), lile la 0.2 la glukosi litaziba. Mrija hubadilishwa kila saa 24. Mkiona tabaka la njano juu, mafuta yametengana. Mwiteni nesi hapo hapo.

Asha: Leo kachomwa tena kisiginoni.

Baba Mdogo: Huenda wanapima trigliseraidi, yaani mafuta yaliyomo kwenye damu. Ikipita 3 mmol/L wanapunguza dozi, ila kuikata kabisa si vizuri: njiti hana akiba, asidi ya linoleiki, mafuta ambayo mwili hauwezi kujitengenezea, humwishia ndani ya siku chache.

Asha: Dada afanye nini?

Shangazi: Akamue mara 8 kwa siku, usiku pia. Maziwa anayopewa mtoto yakipanda, mafuta ya mshipani yanashushwa.