Mabepari wa Venisi: Shylock ni mkopeshaji wa kausha damu au mtu aliyeonewa?

Wakuu, Jumamosi tulikaa sebuleni kwangu Tabata, watu wazima saba na vijana watatu, tukatazama mchezo wa zamani wa jukwaani: The Merchant of Venice wa Shakespeare. Ni ule alioongoza Jonathan Miller ukumbi wa Old Vic, London, mwaka 1970, ukarekodiwa kwa ajili ya televisheni 1973. Shylock ni Laurence Olivier, na Portia ni Joan Plowright, aliyekuwa mkewe kweli. Wengi wetu hapa tunaujua mchezo huu kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1969, Mabepari wa Venisi. Nilikuwa na nakala yangu mapajani, jalada limeng'oka, kila Kiingereza kilipokuwa kigumu nawasomea kwa Kiswahili.

Tulimaliza saa nne usiku, tukabishana hadi saa saba. Ubishi haujaisha.

Kwa asiyeujua: Bassanio anataka fedha za kwenda kumposa Portia, binti tajiri. Rafiki yake Antonio mali yake yote iko baharini, hivyo anakwenda kukopa dukati 3,000 kwa Shylock, Myahudi mkopeshaji ambaye yeye Antonio amekuwa akimtemea mate na kumwita mbwa. Safari hii Shylock hataki riba. Ila miezi mitatu ikipita bila kulipwa, atakata ratili moja ya nyama ya mwili wa Antonio. Meli hazionekani, kesi inafika mahakamani, Portia anajivika uwakili na kumwambia Shylock: mkataba umetaja nyama, damu haimo. Shylock ananyang'anywa mali, na analazimishwa awe Mkristo.

Vijana walilalamika kwamba unachosha, watu wamesimama tu wanaongea. Ni kweli, ni mchezo wa jukwaa, na aliyezoea tamthilia za Kituruki atauona mzito. Lakini sisi tuliokulia RTD, redio ya taifa, tuliwasikiliza wachekeshaji Pwagu na Pwaguzi bila picha yoyote. Tanzania Bara tulikaa bila televisheni hadi 1994, na maneno yalitutosha.

Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, hoja yake ilikuwa nyingine. Anasema Miller ameuharibu mchezo kwa kuuhamishia karne ya 19: Shylock amevaa koti jeusi refu na kofia ndefu kama mwenye benki, wala si Myahudi wa Venisi ya kale. Hapo simkubalii hata kidogo. Portia akiingia mahakamani anauliza, mfanyabiashara ni yupi hapa, na Myahudi ni yupi? Kwenye maonyesho mengi swali hilo ni la bure, maana Shylock anajulikana kwa ndevu na joho tangu mlangoni. Hapa lina maana. Watu wote wamevaa suti za aina moja. Wote ni watu wa fedha.

Ndipo ninapolirudia jina alilochagua Mwalimu. Kiingereza kinasema mfanyabiashara, mmoja. Yeye akaandika mabepari, wengi, na kitabu kikatoka miaka miwili baada ya Azimio la Arusha lililotangaza ujamaa. Mimi nalisoma jina hilo kama hati ya mashtaka yenye majina mengi: Antonio yumo, Bassanio anayeoa kwa mkopo yumo, na wale mabwana wa mahakamani wamo. Shylock mwenyewe anawaambia pale kizimbani: ninyi mna watumwa mliowanunua, mnawatumikisha kama punda, mbona hamwaachi huru? Mnasema ni mali yenu. Basi na nyama hii nimeinunua. Hakuna anayemjibu.

Ila aliyenibana zaidi ni jirani yangu, mama anayeuza vitenge. Mwaka jana alichukua mkopo wa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, marejesho kila siku jioni. Alipougua wiki mbili wakaja na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, wakabeba friji na godoro, mtoto akiwa bado amelilalia. Olivier aliporukaruka kwa furaha aliposikia meli ya Antonio imevunjika, mama alisimama, akaniambia: "Mwalimu, ndivyo wanavyofurahi. Nimewaona kwa macho yangu. Huyu Shylock wenu simhurumii."

Sikuwa na jibu la haraka, na sitaki kumpuuza. Anaijua hiyo biashara kuliko sisi tuliousoma mchezo huu darasani. Lakini nilimwomba tuendelee hadi mwisho, kwa sababu ya sauti moja. Shylock anatoka mahakamani ameshindwa, mlango unafungwa, kimya kidogo, halafu kutoka nje linakuja yowe. Humuoni. Ni yowe la mnyama aliyenaswa, na wale mabwana waliobaki ndani wanalisikia kama tulivyolisikia sisi. Na mwisho kabisa, wapenzi wakishaingia ndani kwa furaha zao, binti yake Jessica, aliyetoroka na fedha za baba na kuolewa na Mkristo, anabaki peke yake, na inasikika sala ya Kiyahudi ya kuombolezea wafu. Sebule nzima ilinyamaza. Mama wa vitenge akasema taratibu, "Kumnyang'anya fedha sawa. Dini yake walikuwa wanaitakia nini?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niamue kuwaonyesha wanafunzi wangu wa kidato cha tano. Mzee wetu anapinga: anasema watatoka wamejifunza kuwachukia Wayahudi, kwa sababu vijana hucheka pale Portia anaposhinda na hawafiki kwenye yowe. Hofu yake naiheshimu, mchezo huu umetumika kwa chuki kweli, hata Wanazi waliuonyesha. Mimi naona usipoonyeshwa wataujua kwa kusimuliwa tu: Myahudi mbaya, mkataba, nyama, kwisha. Hapo ndipo chuki inapoingia kirahisi zaidi.

Nani yuko upande wa mzee, na kwa nini? Na aliyewahi kuufundisha darasani aniambie alianza na kipande gani, maana nawaza kuanza na kesi, kisha nirudi nyuma kwenye yale mate.