Mzunguko wa Rwenzori: nipite mabondeni tu, au lazima kilele cha Margherita?

mwalimu_wa_moshi:
Habari zenu wakuu. Kilimanjaro nimepanda mara moja kwa njia ya Marangu, Meru mara mbili. Januari nataka kwenda Uganda kuzunguka Rwenzori, ile njia inayoanzia Nyakalengija na kurudi palepale. Siku ya ziada ya kilele, pamoja na kukodi kamba na meno ya chuma ya kukanyagia barafu, vinanizidi mfuko. Je, nikizunguka bila kufika Margherita nitakuwa nimekwenda bure? Na hili la kwamba kule lazima utembee na gambuti ni kweli?

tembea_pole:
Dada yangu, nenda. Mimi nilizunguka bila kilele na sijawahi kujuta.

Siku ya kwanza ni msitu hadi Nyabitaba. Ya pili unashuka kwenye daraja la Kurt Schafer, mito ya Bujuku na Mubuku inapokutana, na hapo njia zinaachana. Unapandia bonde la Bujuku, kisha unakuja kurudia bonde la Mubuku.

Gambuti ni kweli tupu. Kwenye kinamasi cha Bigo nyasi zimeota kwa mafungu, kila fungu kama kigoda, na katikati ni tope jeusi. Wameweka njia ya mbao, lakini si kote. Nilikosa fungu moja nikazama hadi pajani. Nilipovuta mguu ukaja na soksi tu. Mpagazi wetu, Mkonzo (mwenyeji wa milima ile) wa makamo, alilala kifudifudi, akaingiza mkono hadi begani, akaitoa gambuti na kumimina tope. Akaniambia, "Fimbo kwanza, mguu baadaye." Wale tuliokuwa nao walizungumza Kiswahili, maana Kongo iko upande wa pili tu wa mlima. Maneno yale ya fimbo niliyafuata hadi mwisho wa safari.

Ukitoka banda la Bujuku unavuka pito (njia ya juu kati ya vilele) la Scott Elliot, mita 4,372, mawe matupu, halafu unashukia maziwa ya Kitandara. Tulifika na mvua ya siku ya tatu mfululizo. Kando ya maji palikuwa na misenesio, ile miti mnayoiona kule kwenu Horombo, Kilimanjaro, majani makavu yameng'ang'ania shina kama koti. Nilichomeka vidole ndani ya lile koti: pakavu kabisa! Mvua yote ile haikuingia. Nilisimama pale mpaka mpishi akaja kuniita chai. Ukiniuliza nilifuata nini Rwenzori, nitakutajia mti ule.

barafu_kwanza:
Mkuu hapo juu kasema vizuri, ila mimi nina neno. Barafu ya Rwenzori inaisha. Ile waliyoikuta msafara wa Mwitaliano Abruzzi mwaka 1906 imebaki vipande. Mabonde yatakuwepo, barafu haitasubiri. Dada, kama unaweza kuahirisha ukajichanga, panda banda la Elena, mita 4,541, ulale, alfajiri uiguse.

tembea_pole:
Hilo sikubishii, kaka. Lakini asisubiri miaka mitano akose vyote viwili. Dada, uchunge magoti baada ya pito la Freshfield. Kutoka banda la Guy Yeoman kushuka Kichuchu ni mteremko mkali wenye matope na mizizi, na hapo watu wameshachoka. Nguo za kulalia zifunge kwenye mifuko miwili ya plastiki, usizivae mchana hata ukitetemeka.

mwalimu_wa_moshi:
Asanteni sana wote. Nimeamua: mabondeni, Januari hii hii. Kilele nitakiwekea akiba yake. Gambuti ninunue namba moja zaidi ya kiatu changu ili soksi mbili ziingie?

tembea_pole:
Usikisie namba. Nenda dukani na soksi zenyewe, vaa zote mbili, uzijaribu. Gambuti ikilegea kisiginoni, Bigo itaichukua.