Naomba utaratibu rahisi wa kutunza nywele za kujisokota nyumbani

nywele_asili: Habarini wapendwa. Nina nywele za asili zilizojisokota sana, dawa ya kuzinyoosha niliacha kitambo. Shida ni ukavu: asubuhi napaka mafuta, jioni zimekakamaa, na nikichana zinakatika. Muda wangu ni mchache. Naomba utaratibu mfupi ninaoweza kuufuata kila wiki.

chanuo_pana: Karibu dada. Mafuta hayaleti unyevu, yanazuia tu uliopo usitoke. Ukipaka kwenye nywele kavu, hakuna cha kuzuia. Tena mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa hayashuki kirahisi kwenye unywele uliojisokota, ndiyo maana ncha huteseka kwanza. Kwa hiyo anza na maji. Mara moja kwa wiki gawa kichwa mafungu manne, osha ngozi kwa shampuu isiyo kali. Povu linaloteremka linatosha kusafisha urefu wa nywele. Kisha paka kondishena ya kutosha, na hapo ndipo pa kuchana, nywele zikiwa zinateleza: vidole kwanza, halafu chanuo lenye meno mapana, ukianzia kwenye ncha kupanda juu. Ukianzia juu unasukuma mafundo yote yakutane chini, na zinakatika. Suuza, paka kondishena ya kuacha kichwani zikiwa bado mbichi, malizia na mafuta kidogo, sokota twisti kubwa kubwa. Basi, hadi wiki ijayo.

mama_wawili: Usizifikiche kwa taulo jamani, kamua maji taratibu kwa fulana ya pamba. Na usiku funga kitambaa cha satini, maana foronya ya pamba inanyonya unyevu na kuzikwaruza. Katika yote, hili la satini mimi siliachi.

nywele_asili: Asanteni sana! Katikati ya wiki nisiziguse kabisa? Na zile krimu za protini za kuimarisha nywele je?

chanuo_pana: Zikikauka nyunyizia maji kidogo, paka mafuta kwenye ncha, usichane. Protini si ya kila wiki. Zikilowa zikawa teketeke, zinavutika bila kurudi, hapo zinaihitaji. Zikiwa ngumu na zinakatika ukizivuta kidogo tu, iache kwanza, zipe unyevu.

msusi_wa_nyumbani: Naongezea moja: ncha zilizopasuka zikate, hakuna mafuta yanayoziunganisha. Na usikate tamaa ukiona urefu hauongezeki. Nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, ila zikijisokota urefu hauonekani. Vuta unywele mmoja ukiwa umelowa ndipo upime.